Kadi ya Nungunungu

Katika chumba cha watoto cha maktaba ile palikuwa na kabati lenye droo kumi na nane, na ndani ya kila droo kadi zimebanana kama meno. Kadi zote ziliandikwa kwa mkono mmoja. Mwenye mkono huo alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, aliyefika kila siku ya kazi saa tatu asubuhi, akavua ndala zake mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Watoto walimwita Bibi Kadi, na hata wakubwa walikwisha kusahau jina lake la kwenye kitambulisho.

Kazi yake ilikuwa moja tu, kumwambia mtoto asome nini. Kitabu kipya kikiingia, kiwe cha picha, kiwe hadithi ya mazimwi na nchi zisizo kwenye ramani, hakikupanda rafu mpaka akisome mara mbili. Mara ya kwanza alisoma kimya. Mara ya pili alisoma kwa sauti mbele ya viti vidogo vitupu, maana, alisema, kuna vitabu vitamu machoni na vikavu mdomoni. Ndipo alipochukua kadi akaandika sentensi moja au mbili, akaibandika ndani ya jalada, na nakala yake akaitia kwenye droo. Hakuandika kwamba kitabu ni kizuri. Aliandika kinamfaa nani.

"Mpe mtoto anayeogopa kulala peke yake. Zimwi la humu linaogopa kuliko yeye."

"Mpe aliyehamia shule mpya. Mkifika kwenye mlango wa jiwe, acha kumsomea. Atamalizia mwenyewe."

"Mpe anayeuliza maswali mpaka wakubwa wanajificha."

Wazazi walizoea kufungua jalada kwanza, kusoma kadi, ndipo waangalie picha. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mzazi aliyerudi kusema kadi imemdanganya. Bibi Kadi hakuwa mtu wa majivuno, lakini hilo alilijua, na alilitunza moyoni kama mtu anavyotunza kitenge cha kuvaa siku ya maana.

Halafu mkwe wake akahamia mjini.

Ilikuwa hivi. Binti yake Bibi Kadi alikwenda kufanya kazi nchi ya mbali, na sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne. Alimwacha mumewe na mtoto wao mmoja wa kike, wa miaka saba, aliyeongea tangu anafumbua macho mpaka anayafumba, ndiyo maana wakamwita Chiriku. Mwaka wote wa kwanza Chiriku akitoka shule alikuja moja kwa moja maktaba kwa bibi yake. Alikula mkate wake chini ya meza, mahali palipokatazwa kula, na jioni wakaondoka wameshikana mikono. Kisha baba yake mtoto akaona ni vyema amlete mama yake mzazi akae nao nyumbani, asaidie.

Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu. Mwili mkubwa, kicheko kikubwa, mikono iliyopokea nusu ya watu wa kule alikotoka. Chiriku alimwita Nyanya. Wengine walimwita Mkunga.

Siku ya kwanza Mkunga alipokuja maktaba kumchukua mtoto, alikaa kwenye benchi kungoja. Mtoto mmoja, akidhani ni mtu wa kazi pale, akamwuliza asome kitabu gani. Mkunga akamtazama juu mpaka chini.

"Toa ulimi."

Mtoto akatoa.

"Mm. Mkavu. Huyu anataka joka." Akanyoosha mkono nyuma yake bila hata kugeuka vizuri, akachomoa kitabu chenye joka. "Kurasa nne asubuhi, nne jioni, baada ya chakula. Usimeze picha. Ukianza kucheka ovyo, rudi unione."

Kesho yake walikuwa watoto watano, ndimi nje. Wiki iliyofuata ikawa foleni.

"Mkwe, hapa ni maktaba, si zahanati," Bibi Kadi alimwambia, kwa sauti laini yenye mfupa ndani.

"Najua, mkwe wangu. Kule dawa zilikuwa zinaisha, hapa haziishi," Mkunga akajibu. Watoto wakacheka, naye akacheka nao.

Kilichomchoma Bibi Kadi ni kwamba hapakuwa na ubaya wowote usoni mwa yule mwanamke. Angekuwa na kiburi, ingekuwa nafuu. Badala yake alimletea chai kwenye chupa, na alikuwa amekumbuka kwamba mkwe wake hatumii sukari. Bibi Kadi aliinywa chai ile, akaiona nzuri, na kijiba cha roho kikazidi kukua.

Tena kulikuwa na nywele. Zamani yeye ndiye aliyemsuka Chiriku, Jumapili, mistari ikipinda kidogo huku na huku. Hakuna aliyewahi kuona kwamba inapinda. Sasa mtoto alikuja amesukwa mistari iliyonyooka kama ya daftari, na watu wakasema, "Ah, Chiriku, umependeza, nani kakusuka?" Bibi Kadi akainama, akajifanya anatafuta kalamu.

Jumatano moja likaja boksi la vitabu vipya. Kumi na viwili: sita vya picha, sita hadithi za ajabu. Kila lilipokuja boksi kama hilo, Jumamosi yake wazazi walikuja na watoto wao kwa Saa ya Vitabu Vipya, na Bibi Kadi alisimama mbele akasoma kadi zake moja baada ya nyingine, kila mtoto akijisikia katajwa yeye. Hiyo ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote.

Mkuu wa maktaba, mwanamke mpole aliyetembea na funguo nyingi, akaliweka boksi mezani akasema, "Bibi, safari hii nimewaza. Vitabu ni vingi na siku ni tatu. Kwa nini msigawane na mama hapa? Watoto wanampenda."

"Niachie hata vitatu, mkwe," Mkunga akasema. "Vya picha. Nitavisoma na mjukuu wetu jioni."

Mjukuu wetu. Neno lile lilikuwa la haki kabisa, na lilimwingia kama mwiba.

"Kitabu hakitoki bila kadi," Bibi Kadi akasema. "Na kadi nitaziandika mimi. Zote kumi na mbili zitakuwa tayari Ijumaa jioni."

Mkuu akatazama funguo zake. Mkunga akasema, "Sawa, mkwe, mwenye kazi ni wewe," kisha akasogeza boksi karibu na kiti cha dirisha, mkwe wake asije akainama na mgongo ule.

Basi Bibi Kadi akasoma. Alisoma cha jitu lililofuga kisima. Akasoma cha msichana aliyeazimwa kivuli cha ndege na kutakiwa akirudishe kabla ya mvua. Jumatano ikaisha, na Alhamisi, na Ijumaa nayo ikaanza kuinama, na viti vidogo vilisikia hadithi mpaka sauti yake ikakwaruza. Kadi zilitoka nzuri. Hakupunguza chochote, mara mbili kila kimoja, kimya na kwa sauti.

Saa kumi na moja kasoro Ijumaa, vitabu kumi na kimoja vilikuwa tayari. Kilibaki kimoja cha picha. Jaladani alikuwapo nungunungu mdogo aliyevaa viatu vyekundu vya kike, vikubwa mara tatu ya miguu yake. Amejikwaa, yuko hewani, miiba imesimama, macho yamemtoka. Mtu akitazama picha ile alicheka tu.

Mkuu alikuwa anafunga madirisha. Bibi Kadi alijiambia kitabu chenyewe kifupi, atakibeba nyumbani, atakisoma usiku, atakuja mapema asubuhi. Alikuwa amekwisha kukitia kwenye mkoba aliposikia sauti mlangoni.

"Nyanya," Chiriku alikuwa anasema, akining'inia kwenye mkono wa Mkunga, "kesho nikisikia vyote, nichukue kipi kwanza? Wewe utaniambia, eh? Nitatoa ulimi."

"Kadi zitakwambia," Mkunga akasema.

"Nataka unichagulie wewe."

Bibi Kadi akakitoa kitabu kwenye mkoba. Hakukifungua. Alimfikiria mjukuu wake, anavyocheka mpaka anakaa chini, akaandika:

"Mpe mtoto anayependa kucheka mpaka tumbo limuume."

Akaibandika ndani ya jalada, haraka, bila kutazama hata ukurasa wa kwanza. Kisha akanyanyuka akasema zote ziko tayari.

Jumamosi chumba kilijaa. Wazazi walisimama ukutani, watoto chini kwenye mkeka. Bibi Kadi alivaa gauni lake la kijani, akasoma kadi kwa sauti ile aliyowahi kutuliza nayo darasa la watoto sitini. Watoto wakanyoosha mikono. Hapakuwa na ulimi hata mmoja nje. Mkunga alikaa benchi la nyuma, akisikiliza, akitikisa kichwa kwa raha kila kadi iliposomwa, na alipofurahia sana alimgusa mzazi wa jirani kana kwamba kadi hiyo ameandikiwa yeye. Bibi Kadi aliyaona yote hayo. Hakuyataka, lakini aliyaona.

Kadi ya kumi na mbili ilipofika mwisho, Chiriku alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi huyo," akasema. "Ni mimi, Bibi. Mimi ndiye ninayecheka mpaka tumbo linauma."

Hakumtazama Mkunga hata kidogo. Alikichukua kitabu, akakikumbatia, akaenda nacho kwenye kona yake nyuma ya rafu ya ramani. Bibi Kadi akahisi kifua kimefunguka kama dirisha. Wazazi walikuja kumshika mkono. Mama mmoja alisema, "Bibi, wewe watoto unawasoma kama vitabu." Akacheka, akasema ni mazoea tu.

Alikuwa bado anacheka alipogundua kwamba hasikii kitu kutoka ile kona.

Chiriku akisoma, hata akisoma kimya, alikuwa na kelele. Aliguna, alijibu kitabu, alimwambia mhusika aangalie nyuma. Sasa kona ilikuwa kimya. Bibi Kadi akatafuta kwa macho benchi la nyuma, akaona ni tupu.

Akaenda polepole, akasimama upande wa pili wa rafu. Kupitia pengo kati ya vitabu aliona Mkunga amekaa sakafuni, miguu imenyooshwa mbele, mtu mzima yule mwenye magoti mabovu. Chiriku alikuwa mapajani mwake, kitabu kimefumbwa, kidole kimebaki ndani kushika ukurasa.

"Viatu ni vya mama yake," Chiriku alikuwa anasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mama yake kapita kwenye mlango wa mlima kutafuta maji. Kasema mwezi ukijaa atarudi. Mwezi umejaa hajarudi. Umejaa tena hajarudi. Ndiyo maana kavaa viatu."

"Nimeona," Mkunga akasema.

"Kadi imesema kucheka."

Mkunga alikifungua kitabu mwanzoni, akaitazama kadi kwa muda. Upande wa pili wa rafu, Bibi Kadi alishika ubao kwa mikono miwili.

"Kadi hiyo ni yangu," Mkunga akasema. "Bibi yako aliniachia kimoja hicho, kunipa moyo. Nikatazama jalada tu nikasema kinachekesha. Uvivu wangu."

"Mwandiko ni wa Bibi."

"Nilimwomba aniandikie. Wangu ni mwandiko wa hospitali, unasomwa na mwenye duka la dawa peke yake."

Chiriku akafikiri. "Basi umekosea, Nyanya."

"Nimekosea sana, mama."

Mtu angetegemea kwamba pale pale Bibi Kadi aliingiwa na shukrani. Haikuwa hivyo. Kitu cha kwanza kilichompanda, na baadaye alikiri hivyo, kilikuwa wivu uleule, ila mkali zaidi. Kamchukulia nywele, kamchukulia jioni, na sasa kamchukulia hata kosa lake, tena kalichukua vizuri, kwa mkono mwepesi, kama anavyompokonya mtu mzigo njiani ambebee. Angeweza yeye kufanya hivyo? Alijiuliza, na jibu hakulipenda.

Kitu cha pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Aliona kwamba ameshinda. Akinyamaza, kadi zake zinabaki safi, miaka kumi na mmoja haina doa, na Chiriku kuanzia leo atajua ni nani wa kumwamini. Hakuhitaji kusema uongo hata kidogo. Alihitaji tu kurudi kwa wazazi.

Akageuka. Ubao wa sakafu ukalia, na Chiriku akainua kichwa akamwona kwenye pengo.

"Bibi," akasema, na macho yalikuwa yamevimba. "Wewe usingeandika hivi, eh? Wewe unasoma mara mbili."

Mkunga alimtazama kupitia pengo lile. Akampa ishara ndogo ya mkono, kule chini, mtoto asiione. Nenda, ilisema. Nimeshalimaliza.

Bibi Kadi akazunguka rafu. Kukaa sakafuni hakuweza, akavuta kiti kimoja kidogo, akakikalia, magoti yakafika karibu na kidevu.

"Niliandika mimi," akasema.

"Na Nyanya akakwambia uandike nini."

"Nyanya yako hakukiona kabla ya leo. Aliniomba vitabu, nikamnyima. Kadi ni yangu, mkono ni wangu, maneno ni yangu. Sikukisoma."

Chiriku alikunja uso. "Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Kwa nini?"

Hapo palikuwa pagumu. Angeweza kusema alichoka, na ingekuwa nusu ya kweli. Alitazama mistari ya nywele kichwani mwa mjukuu wake, jinsi ilivyonyooka.

"Nilikuona umeng'ang'ania mkono wa nyanya yako unamwomba akuchagulie. Nikaona wivu. Nikaandika haraka ili uchague changu."

"Watu wazima wanaona wivu?"

"Wengine hawana kazi nyingine," Mkunga akasema, na hakuongeza neno.

Chiriku hakucheka. Hatimaye akasema, "Umenikosea, Bibi," kisha akamgeukia Mkunga, "Na wewe umedanganya," naye Mkunga akasema ndiyo, kweli, amedanganya.

"Umefika wapi?" Bibi Kadi akauliza.

"Mwezi wa tatu."

"Nikisome, nisikie mwenyewe?"

Mtoto akampa kitabu, bila kumsogelea. Bibi Kadi akakisoma kwa mara ya kwanza, tena kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mwezi wa tatu ukajaa. Nungunungu akajikwaa kisimani, akajikwaa sokoni. Wa nne ukajaa. Viatu vikaanza kumkaa. Wa tano, akavifunga kamba, akaenda mwenyewe mpaka kwenye mlango wa mlima. Ukurasa wa mwisho ulikuwa picha tupu, haina neno hata moja: mlango uko wazi, na mbele yake udongo laini wenye nyayo.

Bibi Kadi akakwama. Picha bila maneno haikuwa kazi yake. Akakigeuza kitabu kumwelekea mwenzake.

"Mkwe, hebu tazama. Wewe unaonaje?"

Mkunga akakisogeza karibu na macho, akakisogeza mbali. "Nyayo za watu wawili. Hizi ni za viatu vyake. Hizi ni za miguu mitupu."

"Mama yake aliacha viatu," Chiriku akasema polepole. "Kwa hiyo yuko miguu mitupu." Akazigusa nyayo zile kwa kidole. "Anaingia au anatoka?"

Bibi wawili wakatazamana.

"Mimi sioni," Mkunga akasema.

"Na mimi sioni," akasema Bibi Kadi. "Ningekudanganya nikisema naona. Mama yako kesho atapiga simu. Utamwuliza atarudi mwezi gani, na akikwepa, nipe simu mimi."

"Viatu vya mama viko wapi?" Chiriku akauliza ghafla.

"Chini ya kitanda changu, kwenye boksi," Mkunga akajibu. "Kila Jumamosi navifuta vumbi. Vyeusi na vile vya kamba. Akirudi avikute."

Bibi Kadi hakuwa akilijua hilo. Miezi yote ile mwanamke huyu alipiga magoti yake mabovu kila Jumamosi na kitambaa, kwa viatu vya mtoto wa mwenzake, na hakumwambia mtu. Bibi Kadi akabandua kadi, taratibu, isichane jalada, akatoa kadi mpya na kalamu mfukoni mwa gauni la kijani.

"Kinamfaa nani?" akamwuliza mjukuu.

Chiriku alifikiri huku akitafuna mdomo. "Mpe mtoto ambaye mama yake yuko mbali," akasema. "Lakini asisome peke yake. Wawe wawili. Wawili wakubwa na yeye."

Bibi Kadi akampa Mkunga kalamu.

"Mkwe, mwandiko wangu," Mkunga akasema.

"Andika."

Akaandika. Ulikuwa mwandiko mbaya kweli, kama njia ya mende aliyekanyaga wino, na ndiyo kadi ya kwanza katika droo zile isiyo ya mkono wa Bibi Kadi. Aliitazama ikikauka, na akasikia kijiba kinamchoma tena, kidogo, mahali palepale.

Chiriku alikuwa amechoka kwa kulia. Alijilaza, kichwa juu ya paja la Mkunga, na baada ya kupima kidogo akainyoosha miguu yake mitupu mpaka ikamfikia bibi yake, akaiweka mapajani mwake. Bado hakuwa akimtazama.

Kichwa, basi, kilikuwa kwa yule. Bibi Kadi alikitamani. Lakini miguu alipewa, akaishika yote miwili kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akashika kitabu kile, akaanza kukisoma mara ya pili.